Msumeno Ambao Mama Tupa Hakuthubutu Kuufungua

Ijumaa tarehe ishirini na nane, baada ya miaka thelathini na moja ya kutunolea misumeno, Mama Tupa anatundika aproni yake. Alianza hapa karakanani kwa kufagia unga wa mbao, akahamia meza ya kunolea, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuweka kikombe cha chai juu ya meza hiyo.

Tuseme ukweli, tulimwogopa. Ukimpelekea msumeno uliokata msumari alikutazama tu, kisha akauweka mwisho wa foleni. Fundi mkuu mwenyewe aliwahi kuuchukua wake kwa kunyata mama alipokwenda msalani.

Kumbe naye alikuwa na lake. Kamati ya kumuaga, ambayo mimi, mpaka rangi wa karakana, ni katibu wake, iliamua kumzawadia msumeno mkuukuu uliotundikwa ofisini kwa meneja. Una kutu, mpini unacheza, na hakuna aliyejua ulitoka wapi. Tukajifanya wajanja: tumpe ausafishe mwenyewe, bila kumwambia kuwa ndiyo zawadi yake. Akakataa. Tukarudi, akakataa tena. Mara ya tatu aliufunika kwa aproni asiuone, nami nikaingiwa na hofu.

Ndipo akanieleza. Baba yake alikuwa seremala hapahapa. Alikamatwa getini na msumeno huo, akasema ameutengeneza nyumbani kwa mikono yake. Hakusadikiwa. Akanyang’anywa, akafukuzwa, akafa akiitwa mwizi. Misumeno yote ya karakana hununuliwa kiwanda kimoja, na muhuri wa kiwanda hupigwa kwenye bamba, pale panapofunikwa na mpini. Ni skrubu mbili tu, lakini siku ile hakuna aliyejisumbua kuzifungua. Na binti yake, miaka yote hii, hakuthubutu.

“Mama yangu bado yu hai, na bado anaapa kwamba mumewe hakuiba,” aliniambia. “Nikikuta muhuri, nitarudi nyumbani na uso gani?”

Nikamwambia tuache, zawadi nyingine zipo. Akasema hapana, akiondoka bila kujua atakufa na kihoro. Tukatia mafuta, tukangoja. Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili iligoma, na kila ilipolia nilitamani isitoke kabisa. Mpini ulipoachia, alifumba macho akaniambia nitazame mimi.

Sikuona muhuri. Akasema, kwa sauti ndogo, huenda kutu imeula. Nikafuta kwa kitambaa, nikaona matundu matatu. Skrubu ni mbili. Tundu la tatu lilikuwa pembeni, limetobolewa kombo, likaachwa. Kiwanda hakiuzi bamba la namna hiyo. Hilo ni kosa la mtu aliyekuwa peke yake na nyundo yake. Mama Tupa akafumbua macho, akalipapasa, akakaa sakafuni akalia.

Meneja ameandika barua ya kumsafisha marehemu, nayo imebandikwa ubaoni wote waione. Nakala yake na msumeno vilikwenda nyumbani siku ileile. Bibi, mama yake Mama Tupa, ana miaka themanini na sita na macho yamefifia. Hakutaka kusomewa barua. Aliingiza ncha ya kidole katika tundu la kombo.

“Siku alipolitoboa hili alikosea kipimo,” akasema, “akasusa hadi chakula.”

Asante, Mama Tupa. Kapumzike na mama yako, kwa afya na moyo mweupe. Hofu tuachie sisi, maana Jumatatu hatujui nani atatunolea.