Mzee Samahani Ameweka Panga Chini

Mmepotelea wapi ninyi? Msimu mzima viti vya ukumbi huu vilikaa vitupu, mtu anafanya mazingaombwe mbele ya wafagiaji, na leo kwa kuwa mmesikia anaondoka mmejaa hadi mlangoni. Haya, kaeni. Asiye na kiti aegemee ukuta.

Mzee Samahani anastaafu leo, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya miaka thelathini na minne ya kuwachekesha na kuwadanganya kwa wakati mmoja. Jina hilo mlimpa wenyewe, maana aliomba radhi kwa kila alichokiharibu jukwaani. Samahani kwa njiwa aliyesinzia ndani ya mkono wa koti. Samahani kwa yai lililopasukia mfukoni mwa bwana mkubwa wa mstari wa mbele. Mkasema huyu kazi haijui kabisa, na papo hapo yai zima linatoka kwenye kofia ya bwana mkubwa yuleyule.

Hakuwa akiharibu kitu. Mtu akicheka macho hufumba kidogo, kichwa kikaenda nyuma, na hapo ndipo mkono unapofanya kazi yake. Kuna waliojaribu kumwiga. Wengine waliweza mzaha bila mazingaombwe, wengine mazingaombwe bila mzaha, na wote sasa wanauza simu.

Lakini kilichowaleta zaidi ni sanduku. Mkewe anajikunja ndani, yeye anachomeka panga kwenye matundu kama mtu asiyejua afanyalo, na mke anamfokea kutoka humo humo.

"Baba watoto, mkaa umenunua?"

"Nimesahau, mama."

"Basi chomeka tu, maana leo utakula mbichi."

Ukumbi mzima unapangusa machozi.

Yale maneno hayakuwa mzaha mtupu. Walikubaliana tangu mwanzo: mke akifoka, ujue yu salama, akinyamaza, simama hapohapo. Kila upanga una njia yake ndani ya sanduku, na mwili wa mtu uko kando ya njia hiyo, nafasi ya kidole tu.

Na mkono wa mzee ukaanza kuyumba. Mimi ndiye ninayeshona nguo za jukwaa hapa, nilimwona anavyohangaika na vifungo. Nikaving'oa, nikamwekea zipu. Wachache mliokuwa mkija mliuona mkono ule unatetemeka, mkacheka. Siwalaumu. Yeye ndiye aliyewafundisha kucheka anapoharibu. Mkewe nilimwambia waziwazi, "Mwanangu, toka kwenye hilo sanduku."

Akanijibu, "Bibi, nikitoka mimi, yeye atabaki na nini?"

Siku ile ya mwisho upanga ulitoka na damu. Mkapiga makofi, kwa sababu alikuwa na mchezo wake wa kupaka rangi nyekundu. Siku hiyo hakupaka. Akasimama ameukodolea macho, na mle ndani mkewe anaendelea kufoka bila hata kupumzika: "Mbona kimya, umemwona mzuri kuliko mimi hapo mbele?" Amechomwa mbavuni, gauni nililolishona kwa mikono yangu linalowa, na bado anafoka, ili mumewe asiaibike mbele za watu.

Mzee akaweka panga chini, akafungua sanduku. "Samahani," akasema. Mkaangua kicheko.

Mke akamnong'oneza, "Funga. Endelea. Wanatutazama."

Yeye hakunong'ona. "Siku nikikuua, watacheka."

Mkacheka na hilo pia. Akavuta pazia mwenyewe, nanyi mkakaa mkingoja arudi.

Kidonda cha mama kimepona, kovu nimeliona, si dogo. Mkono wa mzee hautapona. Daktari hakumficha, na amemwambia utazidi. Meneja alimbembeleza abaki na karata tu, karata hazimchomi mtu. Akakataa. Alisema hajui tena watu wanacheka mzaha wake au ugonjwa wake, na mtu asiyejua hilo hana kazi jukwaani. Mkewe alilia wiki nzima, kisha akalitia sanduku shoka kwa mkono wake, akapikia.

Kwa hiyo leo mzee hafanyi kitu. Amekaa mstari wa mbele na mkewe, na nisimsikie mtu anamwomba hata moja la mwisho.

Mwanangu, umetuchekesha tukiwa na njaa, ukatuchekesha wiki tuliyotoka kuzika, na hukudharau ukumbi hata ulipokuwa na watu wa kujaza benchi moja. Asante. Nawe mama, asante kwa mbavu zako. Kaeni nyumbani kwenu, mle mshibe, mgombane kwa raha mlango ukiwa wazi.

Ninyi wengine msingoje siku nyingine kama hii ndipo mje. Nendeni kwake wiki ijayo. Mlango wa mbele umekwama, pitieni uani. Atawamiminia chai mwenyewe. Msimpokonye birika. Ikimwagika mezani, tulieni, msicheke mpaka aanze yeye.