Bibi Milembe na Zimwi la Lambo la Ngulyati

Wazazi, majirani, na nyie watoto mlioketi hapo mbele kwenye mkeka, naomba tusikilizane.

Marehemu Maximiliana Milembe alizaliwa Mwamapalala tarehe 3 Agosti 1951, mtoto wa nne wa mzee Ngassa. Alisoma hadi darasa la nne tu, lakini barua za nusu ya kijiji alizisoma yeye.

Mwaka 1970 alifunga ndoa na babu yetu, Constantine Mboje, kwa mahari ya ng'ombe kumi na wanne, akahamia hapa Ngulyati. Walijaliwa watoto watano. Sisi wajukuu tuliwajua wanne.

Kazi yake ilikuwa pamba. Msimu wa kuchambua alituketisha kuzunguka rundo, nyeupe huku, fifi, ile yenye madoa, kule, akatusimulia zimwi linaloishi ndani ya lambo. Lilikuwa na mdomo mgongoni. Lilimeza watoto wazimawazima, nao huko tumboni waliendelea kumwita mama.

"Mkono ukisimama," alisema, "na lenyewe linapiga hatua."

Tulichambua bila kugeuka nyuma. Siku moja mdogo wangu Limbu alijikojolea juu ya pamba nyeupe. Bibi akacheka mpaka machozi: "Haya, na hiyo sasa ni fifi!"

Mwaka juzi, mimi Evalina ninayewasomea, nilipoingia kidato cha kwanza, niliwatangazia wadogo zangu kwamba mazimwi hayapo. Kesho yake Limbu, akiwa na miaka saba, alikwenda lamboni kuogelea. Jirani yetu Shija, aliyekuwa akinywesha ng'ombe, alimvuta nje akiwa hajitikisi, akambinya mpaka akatapika maji. Bibi hakunichapa. Alimpakata Limbu tu, mpaka jioni.

Novemba iliyopita alipata kiharusi, akalazwa mjini Bariadi. Nikimlisha uji, nikamuuliza, "Bibi, lile zimwi ulilitoa wapi?"

"Nililitunga mwenyewe, mayu, mama yangu."

"Mbona la kutisha vile?"

Alikisogeza kijiko kando. "Mwanangu Athanasi alikuwa na miaka sita. Nilimwambia tu, usiende, maji ni mengi. Hakuogopa."

Bibi alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa tatu asubuhi.

Ameacha mume, watoto wanne na wajukuu kumi na tisa. Alitanguliwa na Athanasi, mwaka 1978.

Mvua bado zinanyesha na lambo limejaa. Nakiri mbele yenu, naogopa kuliko nilivyowahi kuliogopa zimwi, maana aliyekuwa akiwatisha hawa wadogo tunamzika leo, na mimi sijui kutisha. Kwa hiyo nawaambia kama nilivyoambiwa. Limbu, na wenzako wote: zimwi Bibi alilitunga. Maji ni ya kweli, yanampita mtu mzima, na baba yenu mkubwa Athanasi aliingia humo mchana kweupe, mama yake akiwa shambani anachuma pamba, anamsikia akiita, asimwahi.

Bibi, pumzika kwa amani. Watoto tutawalinda sisi.