Fundi Maturubai na Tiara Aliyokataa Kuiachia

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi maturubai, yule aliyekuwa akirusha tiara kubwa za kuvuta watu pale uwanjani, nyuma ya karakana. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: fundi maturubai hatunaye tena. Ameondoka na tiara aliyoishona kwa mikono yake.

Alinifundisha mimi pia, na wivu ninaomwonea haujaisha mpaka leo. Tiara yangu ilikula majani, yake ilipanda kama imeitwa. Watu wanampigia makofi, mimi nakung'uta suruali. Hivi upepo nao unapendelea?

Nyumbani kwake nako wivu ulikuwa umepiga kambi. Mjane wake ameniambia, "Nilikuwa na mke mwenza wa nailoni. Yeye anatandazwa sebule nzima, mimi na wanangu tunapita kwa kubana ukuta. Siku moja nikamwambia, baba watoto, leo hiyo tiara ndiyo ikupikie."

Lakini kwenye usalama hakuwa na mchezo. Kofia ngumu na glavu, lazima. Ukijizungushia kamba mkononi, unarudishwa nyumbani. Na kabla hujarusha chochote, unafundishwa kuachia vipini vya kamba. Ukiachia, tiara inalegea, upepo unaipeleka, umepona. "Achia!" alikuwa akifoka. "Nailoni nitashona nyingine. Wewe nitakushona wapi?"

Sasa, pale uwanjani tulikuwa na utani wetu: tiara ikiachiwa, atakayeidaka anairusha yeye mpaka jioni. Utani huo ndio ulioleta balaa. Fundi alikuwa na mdogo wake, fundi wa kupaka rangi, aliyeanza kurusha juzi tu. Watoto wakahamia kwake, makofi yakahamia kwake. Kaka mtu akanuna. Akashona tiara mpya, kubwa kuliko zote, akaapa mbele yetu: "Hii, huyu bwana mdogo hataigusa."

Jumamosi alipoirusha, upepo ulianza vizuri, kisha ukazidi ghafla. Tiara ikambeba fundi, miguu ikaacha ardhi. Mbele kulikuwa na ukuta wa karakana. Mbele ya ukuta alisimama mdogo wake, mikono ameinyoosha. Sote tukapiga kelele, "Achia! Achia!" Fundi alisikia, maana aligeuka akatutazama. Halafu akamtazama mdogo wake, akakaza vipini.

Tiara ikampitisha juu ya kichwa cha mdogo wake. Kofia ngumu fundi alikuwa ameivaa, wasikilizaji. Ukuta ulimpata kifuani.

Tunampa pole mjane, tunawapa pole watoto. Ule utani wa uwanjani tumeufuta. Na wewe unayerusha tiara, angalia kwanza kama mbele yako kuna ukuta, nyaya au watu. Upepo ukikushinda, achia, na aidake yeyote atakayeidaka. Kisha jiulize unamwonea nani wivu, na umeshikilia nini kwa sababu yake.

Pole ya mwisho ni ya mdogo mtu. Nilimkuta msibani amekaa peke yake, rangi bado iko kwenye kucha. "Kaka alidhani naitaka tiara," akaniambia. "Mimi nilinyoosha mikono nimdake yeye."