Spana Amekunja Ngumi Kichwani

Benchi la mbele ya kibanda cha Fundi Saa ni la watu wanne, ila kwa siku kumi na moja wamekaa watatu. Anayekosekana ni Spana, fundi baiskeli, aliyeteleza kwenye ngazi akitundika kibao cha duka lake, akaangukia kisogo. Tangu hapo yuko hospitali, macho wazi, haongei, hasogezi hata kidole. Lakini asubuhi hii mkewe alimpigia simu Fundi Saa. Jana madaktari walimvisha Spana kofia ya nyaya ya kupima mawimbi ya ubongo, wakamwambia, "Fikiria unakunja ngumi," kisha, "Pumzika." Mkono haukusogea, ila kila alipoambiwa, mistari kwenye mashine ilibadilika. Kumbe anasikia. Fundi Saa alilia hadi akashindwa kuiona saa aliyokuwa ameifungua, kisha akaagiza birika zima la kahawa.

— Mimi nilijua, akasema Wembe, kinyozi wa jirani. Kile kichwa nakinyoa mwaka wa tisa huu. Debe tupu haliachi kuvuma.

— Hilo ni tusi, akasema Mwalimu, ambaye alistaafu kufundisha lakini si kusahihisha.

— Si mashine imevuma?

— Imechora, haikuvuma.

— Basi debe tupu haliachi kuchora.

— Nyie hamjui sayansi. Ubongo ni redio. Spana yuko hewani, sisi ndio hatujapata stesheni.

— Mwalimu, wewe ulifundisha useremala.

— Na redio ya shule nani aliitengenezea kabati?

Fundi Saa akamimina kahawa.

— Mimi naona ni saa iliyokwama mishale tu. Ndani inatembea.

— Sasa sikilizeni, akasema Wembe. Kama anakunja ngumi bila mkono, pancha zitamshinda? Wamlete dukani na kofia yake, nyaya zifungwe kwenye pampu. Wateja wamengoja mpaka wamechoka.

— Umeme ukikatika?

— Atafikiria jenereta.

— Mimi ningeomba kofia tatu, akasema Mwalimu. Tubishane kwa mistari, tupumzishe koo.

— Mstari wako wewe ungevuka barabara.

Fundi Saa akacheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Alikuwa hajacheka tangu siku ya ngazi.

Ndipo mke wa Spana akafika, kikapu mkononi, mwendo wa haraka.

— Shikamoo, Mwalimu. Shemeji zangu, sikai. Saa nne wanampima tena. Daktari anataka azungumzishwe kuhusu jambo lililo moyoni mwake. Siku aliyoanguka alitoka nyumbani anacheka peke yake. Nikamuuliza kuna nini, akasema, "Wale wa benchini kwanza, wewe jioni." Kwani aliwaambia nini?

Wembe akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama kikombe chake. Fundi Saa aliikumbuka vizuri asubuhi ile. Spana alikaa, akasema, "Jamani, mnajua..." Wembe akadakia. Mwalimu akamsahihisha Wembe, na yeye Fundi Saa akawasahihisha wote wawili, hadi Spana akanyanyuka akaenda kwenye ngazi yake. Aibu ilimshika.

— Shemeji, hatukumwacha aseme.

Mama wa watu akawaangalia mmoja mmoja, kisha akacheka huku machozi yakimtoka.

— Basi twendeni mkamsikilize.

Wakafunga kibanda wakaenda. Wodini, Spana alikuwa amelala na kofia yake, macho darini. Fundi Saa akainama sikioni kwake.

— Ndugu yangu, siku ile ulisema "mnajua". Hatujui. Hebu endelea, leo hakuna atakayekukatiza.

Wakanyamaza. Wembe alijiziba mdomo kwa kiganja, Mwalimu akafumba macho kabisa. Mistari iliyokuwa imetulia ikaanza kupanda na kushuka, ikasongamana kwenye kioo chote. Mtaalamu wa mashine akageuka.

— Jamani, mmemwambia nini huyu?

Hakuna aliyemjibu. Spana alikuwa anaongea.