Mwalimu Maximilla Nanjala na Msimu Wake wa Mwisho wa Timu Tatu

Marehemu Mwalimu Maximilla Nanjala Osiako alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Mei 1974, hapa Matungu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Shikanga, mkulima wa miwa, na Mama Ayuma, ambao wote wametangulia. Mwezi wa tano ghala huwa tupu na mahindi shambani bado mabichi, ndiyo sababu akaitwa Nanjala, msichana wa wakati wa njaa. Mimi ninayewasomea maneno haya ni Navalayo, kitinda mimba wa nyumba hiyo. Nilipishana naye miaka tisa, na ni yeye aliyenibeba mgongoni mpaka nikakataa mwenyewe kubebwa.

Masomo ya msingi aliyapata hapa nyumbani kuanzia mwaka 1981 hadi 1988, katika shule iliyopakana na kituo cha kupimia miwa. Wavulana walicheza mpira wakati wa mapumziko, wasichana wakafagia uwanja. Nanjala alikuwa anafagia upande wa goli tu, ili mpira ukipotea aurudishe kwa mguu. Mama alimwuliza jioni moja mbona viatu vya shule vimeisha mbele na nyuma bado vizima. Siku iliyofuata akaenda peku, akaviacha viatu mlangoni vikiwa vimepigwa rangi.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1992, kisha akaingia chuo cha ualimu mwaka 1994 na kuhitimu 1996. Chuoni ndipo alipocheza katika timu ya wanawake kwa mara ya kwanza, nambari nane mgongoni. Februari 1997 aliandikiwa barua ya kuitwa kwenye kambi ya timu ya taifa ya wanawake, Nairobi. Barua ilipelekwa chuoni wakati yeye ameshaondoka, na ilipomfikia hapa Matungu siku ya kuripoti ilikuwa imepita kwa siku nne. Alisafiri hivyo hivyo. Kocha alitoka kumwona langoni, akaisoma barua yote, akamrudishia.

"Umechelewa, dada yangu. Orodha imefungwa."

Hakurudi siku hiyo. Alilala kwa binamu yetu mtaa wa Kawangware, na kwa siku mbili alisimama nje ya seng'enge akiwatazama wenzake wakifanya mazoezi. Aliporudi nyumbani hatukumwona akilia. Alichukua daftari, akachora kila zoezi aliloliona: wapi mtu anasimama, mpira unakwenda kwa nani, nani anakimbia bila mpira. Mazoezi yale aliyafundisha kwa miaka ishirini na minane.

Mei 1997 aliajiriwa kufundisha shule ya msingi karibu na Lumakanda, katika mashamba ya mahindi ya Lugari. Mwaka 2004 alihamishiwa Matungu, na kuanzia 2011 alifundisha karibu na mji wa Mumias hadi alipougua. Darasani alifundisha Kiswahili na Sayansi. Saa kumi jioni alikuwa uwanjani na wasichana. Wazazi wengine hawakutaka. Baba mmoja wa Mumias alimwambia kwamba binti yake hatavaa kaptura mbele ya watu. Mwalimu alimwamkia kwa salamu aleikum, akaketi, akala alichopewa, akasikiliza. Mwishowe akasema, "Mzee, nimekuja kuomba mtoto, sikuja kuomba kaptura." Binti alicheza na suruali ndefu na kitambaa kichwani, akawa golikipa wake bora kwa miaka mitatu.

Mumewe, Mark Osiako, alikuwa dereva wa trekta la miwa. Siku alipokwenda Lumakanda kumwambia nia yake, alimkuta mechi ikikaribia kuanza na mshika kibendera mmoja hayupo. Mwalimu hakumwuliza jina. Alimkabidhi kibendera. Shemeji yangu alikimbia kando ya mstari dakika tisini akiwa na viatu vya kanisani, na anaapa mpaka leo kwamba ile ofsaidi ya kipindi cha pili ilikuwa halali. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1999. Mungu aliwajalia watoto wawili: Kizito, aliyezaliwa mwaka 2000, na Tracy Ayuma, aliyezaliwa 2003. Tracy alifundishwa na mama yake kuanzia darasa la tatu, na uwanjani alitakiwa amwite Mwalimu kama wengine. Mwaka huu aliitwa kwenye kikosi cha taifa cha wanawake, Harambee Starlets.

Dada yangu alianza kulalamika maumivu ya tumbo Januari mwaka huu wa 2025. Alitibiwa Kakamega, na mwezi wa sita, huko Eldoret, madaktari walitueleza kwamba ni saratani ya ini na kwamba imekwenda mbali. Muuguzi aliyemshika mkono siku hiyo alikuwa Jepkemboi, aliyewahi kuwa beki wake kule Lumakanda. Tangu hapo Jepkemboi alimhudumia kama mama yake mzazi.

Nyote mliomtembelea mliiona karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wa jikoni. Aliigawa safu tatu: vijana, wanaume, wanawake. Kila mechi ya timu za taifa ya mwaka huu aliiandika humo, hata zile ambazo magazeti hayakuzitaja. Vijana wa chini ya miaka ishirini walipokwenda Misri na kutolewa katika makundi, watu waliwacheka pale sokoni. Yeye alisema, "Hao juzi walikuwa kidato cha nne. Waacheni kwanza wajue Misri iko wapi."

Agosti, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani yalipokuja kwetu, wanafunzi wake wa zamani walipanga kumpeleka Kasarani awatazame Harambee Stars. Katika maisha yake yote hakuwahi kuketi ndani ya uwanja wa taifa mechi ikichezwa. Aliishona sketi yake nyekundu, akaipiga pasi, akaitundika. Daktari alimkataza kusafiri. Basi aliwatazama Stars kwenye runinga, sebuleni, amelazwa kwenye kochi. Walipotolewa kwa penalti katika robo fainali, Mark alisimama akazima.

"Washa," dada akamwambia.

"Imeisha, Mama Kizito."

"Najua. Nataka kuwaona wakitoka. Saa hii ndiyo mtu anataka kuangaliwa."

Mark akawasha, wakawatazama mpaka mchezaji wa mwisho akaingia ndani.

Safu aliyoingoja kuliko zote ilikuwa ile ya wanawake. Starlets walibakiwa na mechi mbili za kufuzu fainali za Afrika za mwakani, moja nyumbani na ya marudiano ugenini. Wanawake wetu walikuwa wamefika fainali hizo mara moja tu, mwaka 2016. Ijumaa, tarehe 24 Oktoba, walicheza ya kwanza Nairobi wakashinda. Tulimwegemeza kwa mito akaitazama yote. Tracy hakuingizwa. Jioni alipiga simu, na sauti yake ilikuwa chini.

"Uliniona, Mama?"

"Nilikuona ukipasha misuli moto."

"Nilikuwa benchi tu."

Dada alivuta pumzi. Kisha akasema, "Tracy, benchi iko ndani ya uwanja. Mimi nilikuwanga nje ya seng'enge."

Jumamosi asubuhi alikunywa uji vijiko viwili. Akaniita, akaniambia nifunge mlango. Aliniambia, "Nikienda kabla ya Jumanne, msimwambie Tracy mpaka mechi iishe. Halafu mwambieni mara moja, msimzungushe." Nilimwambia asiseme hivyo. Akangoja nimalize, akarudia maneno yale yale polepole, kama anayesomesha imla. Nikaahidi.

Mwalimu Maximilla Nanjala alituacha Jumapili, tarehe 26 Oktoba 2025, saa tano na dakika arobaini asubuhi, nyumbani kwake, kichwa chake kikiwa mkononi mwa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Nitayaeleza yaliyofuata kwa sababu wengi wenu mliyabeba pamoja nasi, na wengine mmetulaumu. Nilipoieleza ahadi niliyompa dada, Mzee Barasa, kaka mkubwa wa Mark, alikataa. Alisema mbele ya jamaa, "Tangu lini mtoto akafichwa kifo cha mama yake? Akirudi akituuliza, nani atamjibu?" Hakuna aliyeweza kusema amekosea. Mimi mwenyewe nilikuwa nusu upande wake.

Ndipo Mark aliposema, "Kaka, mpira siujui sana. Lakini huyu mama amenipikia miaka ishirini na mitano na vitu alivyoniomba ni vichache. Hiki ni cha mwisho."

Mzee Barasa akasema, "Basi tungoje. Lakini nikiulizwa, nitasema nilikataa." Kisha yeye mwenyewe akainuka, akawaendea akina mama waliokuwa wanaingia langoni wakilia, akawaomba waingie ndani na waweke simu mifukoni.

Tulichoogopa ni simu. Siku hizi mtu hajafunikwa shuka, picha yake yenye mshumaa imeshafika Nairobi. Jepkemboi aliandika kwenye kundi la wanafunzi wa zamani, watu zaidi ya mia mbili: "Mwalimu amepumzika. Tunawaomba mtu asiweke picha wala neno popote mpaka Jumanne jioni. Mtoto yuko kazini." Kanisani tangazo liliahirishwa. Msikitini Mumias, yule baba wa golikipa aliwaomba vijana vilevile. Kwa siku mbili, Matungu nzima na Mumias na Lumakanda mlijua, na hakuna hata mmoja aliyeandika. Familia inawashukuru. Hatuna namna ya kuwalipa.

Jumapili hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni, simu ya dada ililia. Ilikuwa mkononi mwangu. Tracy alikuwa uwanja wa ndege na wenzake, wanangoja kuitwa.

"Mama mdogo, nipe Mama nimuage."

Nilitazama mlango wa chumba. Nikasema, "Amelala."

Upande ule kukawa na kelele za watu na mizigo. Kisha akasema, "Haya. Msimwamshe." Akakata.

Jumanne tulikusanyika sebuleni, hapo hapo penye msiba. Akina mama wa kanisa walikuwa wanasonga obusuma nje, na mmoja wao aliacha mwiko ndani ya sufuria akaja kusimama dirishani. Dakika ya themanini na moja, kamera ilimwonyesha Tracy amesimama kando ya mstari, anafunga kamba ya kiatu. Aliingia. Alicheza dakika tisa na zile za nyongeza, akagusa mpira mara sita, Kizito alihesabu. Filimbi ilipolia, Kenya ilikuwa imefuzu. Hakuna aliyeshangilia. Mark alisimama peke yake, akavua kofia, akaendelea kusimama hivyo mpaka wachezaji wote wakaingia ndani.

Tulimpigia kupitia kwa kiongozi wa msafara. Mark alijaribu kusema akashindwa, akanipa mimi simu.

Nikasema, "Tracy, mama yako..."

"Najua, Mama mdogo. Nilijua tangu Jumapili."

Nikamwuliza nani alimwambia.

"Hakuna. Mama hajawahi kulala kabla hajaongea na mimi siku ya safari. Nilisema msimwamshe ili usilazimike kunidanganya mara ya pili." Hapo ndipo alipoanza kulia, na mimi nikalia naye, na hatukukata simu. Baadaye aliniambia kwamba ndani ya ndege alifikiria kumwambia kocha na kurudi. Akaona akirudi atakuwa amekuja kumzika mama, na mama hatakuwa amemwona akiingia uwanjani. Mama kumwona hakungewezekana tena, alilijua hilo. Lakini alitaka awe ameingia.

Alifika nyumbani Alhamisi. Alimsalimu Mzee Barasa kwanza, na mzee akamwambia, "Mimi nilikataa." Tracy akamjibu, "Asante, Baba mkubwa." Halafu wakaketi pamoja mpaka chai ikapoa.

Mwalimu ameacha mume, Mark Osiako. Watoto wawili, Kizito na Tracy Ayuma. Mjukuu mmoja, mtoto wa Kizito, mwenye miezi saba. Ndugu wanne, nikiwamo mimi. Shemeji, wapwa na binamu wengi. Na wasichana aliowafundisha, ambao leo wengine wamekuja na wasichana wao. Fainali zitachezwa mwakani Moroko. Alitamani sana kuziona. Jana Tracy alituomba ruhusa ya kurudi kambini akiitwa, tukampa, na Mzee Barasa ndiye aliyeitoa.

Familia inamshukuru Mungu kwa miaka hamsini na mmoja. Tungeomba na mingine.

Nanjala, dada yangu, lala kwa amani. Safari hii hatutakuamsha.