Taya la Mnadi wa Ng'ombe

Sogeeni, wanangu, na mzime hiyo redio. Noelene, kaa hapa. Darcy, simama nikuone. Na wewe Keely, mjukuu wangu, njoo upande huu wa sikio zima, maana haya ni yako zaidi. Daktari amesema wiki hii huenda nisiimalize, nami sitaki kuondoka mkiwa bado mnagombana jikoni kwa ajili ya taya la binti huyu, lililopinda kama langu lilivyokuwa.

Nyumba ni ya Noelene, aliyeniuguza. Malisho ya mtoni na ng'ombe wote ni vya Darcy, ila yule farasi mzee usimuuze, mwache afie hapahapa Wandarra kama mimi. Hayo yamekwisha.

Sasa taya. Mnaijua picha ya harusi yangu, nimesimama kiupandeupande mkadhani ni maringo. Sikuwa naringa. Tangu nikiwa na miaka kumi na saba taya langu la kulia lilikua likaliacha la kushoto nyuma, kidevu kikahama, meno yakawa hayakutani, hata nyama ya Jumapili marehemu mama yenu Beryl alinikatia vipande vidogo kama mtoto. Ndugu yangu Clem akanipa jina Bawaba. Nikiingia baa anapiga kelele, "Bawaba, funga mlango, upepo unaingia!" Nilicheka nao, kisha nikaenda kukaa garini peke yangu.

Uso ningeuvumilia. Lakini nilikuwa mnadi, nauza ng'ombe kwa ulimi, na nilipofika miaka thelathini na moja maneno yakaanza kutoka na mate, taya likauma hadi ikifika alasiri nanadi kwa vidole. Beryl akanipeleka Brisbane. Daktari Lindqvist, mwanamke mrefu asiye na haraka, alinichorea jinsi atakavyoukata mfupa na kuupanga upya.

Nikamuuliza, "Nitaweza kunadi tena?"

"Bwana Tranter," akasema, "sijawahi kumpasua mnadi. Huenda ukanyooka. Huenda mdomo ukafa ganzi moja kwa moja. Siwezi kukuapia."

Nilikaa na jibu hilo miezi minane. Baba akasema taya la kina Tranter halichezewi. Clem akasema, "Utarudi bubu, Vern, na mkeo atashukuru!" Beryl peke yake hakuniambia nifanye wala nisifanye; aliniuliza tu, "Unaogopa nini zaidi?" Nikaona kwamba naogopa kuzeeka nikiwa kimya. Nikamwambia, twende.

Baada ya kupasuliwa, wiki sita meno yalifungwa kwa nyaya, nakunywa supu ya boga kwa mrija, nikakonda suruali ikawa hainikai. Nyaya zilipokatwa, neno langu la kwanza lilitoka kama la mlevi. Basi kila asubuhi nikawanadia ng'ombe wangu wenyewe, nao wananitazama wakicheua.

Ikafika siku ya mnada mkubwa wa madume. Nikapanda kwenye ubao juu ya mazizi, Clem kaegemea ua wa zizi akingoja kicheko. Nikafungua kinywa, na wanangu, maneno yalitoka! Yalitoka kama maji ya bomba lililopasuka, zizi baada ya zizi, hata Clem akajisahau, akanyoosha mkono, akanunua fahali ambaye hakuwa na pa kumweka. Kofia zikaruka juu uwanja mzima.

"Vern, nimenunua nini?" akaniuliza.

"Fahali, Clem. Kamfungie mlango."

Hakuniita Bawaba tena hadi alipokufa, nami nilimsamehe palepale. Kidevu changu upande wa kushoto hakihisi kitu hadi leo, ndiyo maana chai hunimwagikia. Sijajuta hata siku moja.

Lakini hayo yalikuwa yangu, Keely. Mama yako anataka upasuliwe upesi, mjomba wako anasema uso wako ni mzuri ulivyo. Wote wanakupenda, na wote wanyamaze. Akikubali, Noelene, usibanduke kitandani pake. Akikataa, Darcy, asitokee wa kumuuliza tena mezani.

Nizikeni kando ya Beryl, bila hotuba ndefu. Mungu awape... awape kusikilizana. Noelene, inua mto kidogo. Hapo... hapo panatosha.

Maisha yangu yote nimesema mimi. Keely, mwanangu... sasa sema wewe. Unataka nini? Nasikiliza.