Ubao wa Mzee Nzomo Ndeti wa Ukumbi wa Mwangaza

Mzee Nzomo Ndeti alizaliwa tarehe 12 Aprili 1949 huko Kyuso, mwana wa tatu wa marehemu Ndeti na marehemu Mbula, katika mwaka wa ukame, na mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu aliyajua machozi kabla ya kuijua mvua.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Kyuso kuanzia 1957 hadi 1964, akajifunza useremala, na mwaka 1968 akaitwa mjini Kitui kutengeneza jukwaa la Ukumbi wa Mwangaza, nyumba ya maigizo iliyojengwa kwa mawe tangu enzi za ukoloni, kazi ya wiki mbili, lakini hakurudi tena kwao isipokuwa kupanda na kuvuna, kwani alifanywa mtunzaji wa ukumbi.

Ukumbi ule haukuhitaji vipaza sauti, mtu akinena jukwaani alisikika hadi benchi la mwisho, ila mvua ikipiga mabati hakuna aliyesikika, basi mchezo ulisimama, naye Nzomo akajitokeza kando ya pazia akiwa ameinua ubao alioandika kwa chaki, Mvua ikipita tutaendelea, na watu wakashangilia, maana hapa Kitui ni nani atakayeinung'unikia mvua.

Ni katika kungoja huko, mwaka 1973, ambapo mwalimu mmoja kutoka Kilungu, Mwongeli, alimuuliza mvua ikikataa kupita itakuwaje, akajibiwa kwamba basi watazeekea hapo pamoja, na tarehe 14 Desemba 1974 wakafunga ndoa kanisani, wakajaliwa watoto watatu, Mutindi, Mulinge na Wavinya.

Mwaka 2016 Bwana Kusow Gabow, mfanyabiashara wa mifugo aliyeurithi ukumbi kwa baba yake, aliamua kuufanya ghala la ndengu, akamwambia kwa heshima, Mzee, siku hizi watu wana maigizo kwenye simu. Nzomo hakubishana, alimwomba tu aje na mamake mara moja kabla viti havijang'olewa. Walikuja Jumamosi, tarehe 12 Novemba, na mvua ikashuka wakati ule ule mama katika mchezo alipokuwa akimkazia macho mwanawe aliyepotea na sasa amerudi, ubao ukainuliwa, Bwana Kusow akasimama aondoke, lakini mama yake, Mama Abshiro, akamvuta shati, akamwambia kaa chini wewe, sitoki hapa mpaka nijue kama atamtambua, na ukijaza ndengu humu hayo nitayajulia wapi. Walingoja mpaka mvua ikapita. Ndengu zilipata ghala kwingine.

Februari 2024 Mzee Nzomo alipatwa na kiharusi kilichomnyima usemi, Wavinya akamletea ule ubao nyumbani, na wageni walipoanza kulia kando ya kitanda, yeye aliuinua kwa mkono wa kushoto mpaka wakacheka. Alituacha alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuchotea maji na kutupikia, waigizaji wa Mwangaza, na jamaa ya Bwana Kusow, ambao wametuhakikishia kwamba Jumamosi ijayo milango itafunguliwa kama kawaida, na ubao utakuwa mahali pake kando ya pazia.

Pumzika kwa amani, baba Mutindi. Mvua ikipita, tutaendelea.